Kuendesha mashine kiwandani Melton Mowbray: kuanzia kibali hadi hati ya mshahara

Melton Mowbray ni mji mdogo wa soko katika jimbo la Leicestershire, kilomita 24 hivi kutoka jiji la Leicester. Soko lake limeandikwa katika Kitabu cha Domesday, daftari la mali la mfalme William, mwaka 1086, na mpaka leo gulio kubwa ni la Jumanne. Wageni huja kutazama kanisa la St Mary na kununua pai ya nguruwe na jibini ya Stilton. Sisi wengine tulikuja kwa sababu vyakula hivyo lazima vikatwe, vipimwe, vifungwe na kubandikwa lebo, na mashine zinazofanya kazi hiyo zinahitaji watu.

Mwongozo huu ni kwa ndugu aliyeko Uingereza, au mwenye ruhusa ya kuja, ambaye ameona tangazo la kazi ya "machine operator" na hajui inaanzia wapi. Mimi nilianzia kwenye laini, yaani safu ya mashine na watu, ya kufunga jibini. Nitakaa zaidi kwenye jambo la kusimamisha mashine, maana hapo ndipo wageni wengi tunapoumia.

Hatua ya 1: Hakikisha ruhusa yako inakubali kazi hii

Kwanza niseme na wanaosoma wakiwa Dar, Nairobi au Bukavu. Hakuna viza ya kuja kuendesha mashine ya kufungashia. Viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, tangu 22 Julai 2025, inataka kazi za ngazi ya shahada kwa mwombaji mpya, ukiacha orodha fupi ya kazi za kitaalamu. Viza ya msimu ni ya mashambani na ya kazi za kuku kuelekea Krismasi. Mtu akikuonyesha "barua ya ajira" ya kiwanda cha chakula na kukuomba pesa ya kuishughulikia, anakuibia. Tena sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 inamkataza wakala kumtoza mtu ada kwa kumtafutia kazi. Usiuze shamba la familia kwa karatasi hiyo.

Waliomo nchini wanaoweza kufanya kazi hii ni kama mkimbizi aliyekwisha kukubaliwa, mwenye ukaazi, au mume au mke aliyekuja kwa viza ya mwenzi wake. Mwanafunzi wa shahada ana saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo, na wiki yao huhesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Zamu mbili za saa 12 ni saa 24, tayari umevunja sharti la viza, hata kama wiki iliyopita hukufanya kazi kabisa. Wakala hataumia kama utakavyoumia wewe, kwa hiyo hesabu mwenyewe.

Ukiwa na haki, ingia kwenye akaunti yako ya uhamiaji mtandaoni utoe namba ya kuthibitisha haki ya kufanya kazi. Namba hiyo huanza na herufi W na hudumu siku 90. Omba pia namba ya Bima ya Taifa (National Insurance), ya kumbukumbu ya kodi na michango yako. Ni bure, na huhitaji kuisubiri ndipo uanze kazi.

Hatua ya 2: Chagua wakala, na ulize kinachofungwa

Wengi huingia kiwandani kupitia wakala. Kwa viwanda vya kusindika na kufungasha chakula, wakala anayesambaza wafanyakazi lazima awe na leseni ya serikali, na orodha ya wenye leseni iko wazi mtandaoni. Itazame kabla hujaandika jina lako popote.

Kabla ya kusaini uliza maswali matatu. Nani atanilipa: wakala mwenyewe, au kampuni nyingine ya katikati? Kampuni za katikati hukata fedha zao kabla pesa haijakufikia. Usafiri ni wangu au wenu, na kama ni wenu mnakata kiasi gani? La tatu ni bidhaa. Katika mji huu bidhaa inaweza kuwa jibini, sandwichi, chakula cha paka, au nguruwe. Pai ya Melton Mowbray ni nyama ya nguruwe iliyokatwakatwa, na jina lake limelindwa kisheria tangu 2009. Ikiwa imani yako haikuruhusu kuishika, sema siku ya kujiandikisha, kwa sauti ya kawaida, wala usione haya. Ni rahisi kupangiwa kiwanda kingine leo kuliko kukataa laini saa kumi na mbili alfajiri ukiwa umeshavaa koti. Nimemwona dada mmoja akilia chumba cha kubadilishia nguo kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna aliyemwambia ni nini kinachopita kwenye mkanda.

Hatua ya 3: Panga saa na safari

Wenzetu wengi hukaa Leicester. Huko utapata unga wa ugali, mihogo na samaki wakavu, na usishangae mzee wa Kihindi dukani akikujibu Kiswahili safi: familia nyingi za Leicester zilitoka Kenya, Tanzania na Uganda, hasa baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Treni kutoka Leicester hadi Melton huchukua kama robo saa. Tatizo ni zamu ya 06:00 na zamu za Jumapili, kwani ratiba ya treni haikupangwa kwa ajili yetu. Tafuta mwenye gari kwenye zamu yako, mchangie mafuta, na umpe taarifa mapema siku usiyokwenda.

Kuhusu saa, andika kila zamu kwa tarakimu za kiwandani: 06:00, 14:00, 22:00. Ukimwambia mwenzako "tunaanza saa nne" huku ratiba inasema 22:00, yeye akafikiria nne ya asubuhi, mmoja wenu atapoteza zamu. Na zamu za usiku za wiki mara nyingi huanza Jumapili saa 22:00 badala ya Jumatatu. Uliza.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza

Utaonyeshwa milango ya dharura, mahali pa kukusanyika moto ukitokea, na kanuni za usafi. Utavua saa, hereni, bangili na shanga. Pete ya ndoa isiyo na jiwe kwa kawaida huachwa. Kama umevaa hirizi au kamba kiunoni, mwambie mkufunzi faraghani. Wanachotaka ni kuhakikisha haitaangukia kwenye chakula.

Utapewa koti, wavu wa nywele, buti na viziba masikio. Vifaa vya kinga haviuzwi kwa mfanyakazi; mwajiri hugharamia. Kelele ikifikia desibeli 85 viziba masikio ni lazima. Vaa hata kama wazee wa pale hawavai, kwani wao wameshapoteza sehemu ya usikivu wao. Ukijikata, plasta itakuwa ya bluu, kwa sababu karibu hakuna chakula cha rangi hiyo, na ndani yake mara nyingi mna uzi wa chuma ili kigunduzi cha chuma kiione ikidondoka.

Utaitana na watu kwa majina, hata na meneja. Kwetu inakuwa ngumu kumwita mtu wa umri wa baba yako "Dave", lakini ndiyo heshima ya pale. Na mama mtu mzima akikuita "me duck", yaani bata wangu, hajakutukana. Ni neno la upendo la sehemu hizo, kama vile sisi tunavyomwita mtu mpenzi.

Hatua ya 5: Kabla ya kuwasha

Hapa nazungumzia mashine ya kufunga trei, ambayo wageni wengi huanza nayo. Trei huingia kwa mkanda, kichwa chenye joto kali hushuka na kugandisha plastiki juu yake, kisu hukata, kisha trei hupita kwenye mizani, kigunduzi cha chuma na kibandika lebo.

Izunguke yote ikiwa imezimwa. Tazama kama kuna spana iliyosahauliwa na fundi, kipande cha plastiki ngumu kilichovunjika, au bolti iliyolegea. Fungua kila mlango wa kinga na uufunge. Mashine ikikubali kuwaka mlango ukiwa wazi, usiiendeshe, mwite fundi wa zamu. Bonyeza kitufe chekundu cha dharura, kisha jaribu kuwasha. Haipaswi kuwaka.

Halafu pitisha vipande vya majaribio kwenye kigunduzi: cha chuma, cha metali isiyovutwa na sumaku, na cha chuma kisichoshika kutu. Vyote vitatu lazima visukumwe nje ya mkanda. Utarudia kila baada ya muda uliowekwa, pale kwetu kila saa, na mwisho wa zamu. Kipande kimoja kikipita bila kugunduliwa, bidhaa zote zilizofungwa tangu jaribio la mwisho lililofaulu huwekwa kando. Ndiyo maana usiandike tiki ambayo hukuifanyia kazi. Tiki moja ya uongo inaweza kumfikia mtoto wa mtu mezani.

Mwisho, lebo. Soma jina la bidhaa, tarehe ya mwisho ya kutumia, na orodha ya viambato, herufi kwa herufi, ukilinganisha na karatasi ya uzalishaji. Nchini humo sheria inataja vizio 14 vya mzio, yaani vitu vinavyoweza kumdhuru mwenye mzio navyo, miongoni mwavyo maziwa, yai, ngano, haradali na karanga. Lebo ya jibini tupu ikibandikwa kwenye bidhaa yenye karanga, mtu anaweza kufa. Lebo ya kwanza ya roli huchanwa na kugandishwa kwenye karatasi ya kumbukumbu, pamoja na sahihi yako.

Hatua ya 6: Ikiwa inakwenda

Sikiliza. Ukishazoea utajua mlio wa hewa iliyoshindiliwa inayovuja, na mlio wa kisu kilichoanza kuwa butu. Chukua trei moja kila baada ya dakika kadhaa, bonyeza kingo zake, tazama kama plastiki imeshika pande zote nne.

Mizani ina mantiki yake. Pakiti ya gramu 200 inaruhusiwa kupungua kidogo: kiwango cha chini cha kwanza ni gramu 191, na pakiti zinazopungua hapo zisizidi kama 1 kati ya 40. Chini ya gramu 182 haitoki hata moja, na wastani wa kundi zima lazima usipungue 200. Kwa hiyo mizani ikianza kusukuma pakiti nje mfululizo, usizirudishe kimyakimya kwenye mkanda. Mkataji wa jibini ana tatizo. Mwambie.

Hatua ya 7: Kusimamisha

Wiki yangu ya tatu niliona tarehe kwenye lebo imeanza kufifia. Tarakimu ya mwisho ilisomeka kwa shida. Nilijiambia nitamwambia msimamizi akipita, kwa sababu laini ilikuwa nyuma ya lengo na sikutaka kuwa mgeni aliyeisimamisha. Alipita baada ya dakika kumi na mbili. Trei mia sita na zaidi zilirudishwa, zikabandikwa upya kwa mkono, na watu wanne walibaki baada ya zamu kwa sababu yangu. Kubadilisha utepe wa wino huchukua dakika mbili.

Tangu hapo kila mgeni ninayemfundisha namwanzishia hapa. Simama karibu na kitufe cha kusimamisha, kibonyeze mara tatu kwa makusudi wakati wa mafunzo, mbele ya kila mtu, mpaka mkono uzoee. Sisi tuliolelewa kumwogopa bosi tunakiona kile chekundu kama kosa la mtu. Kiwandani ni chombo cha kazi, sawa na spana. Ukikibonyeza sema kwa sauti sababu yake, kwa Kiingereza kifupi chochote ulicho nacho, kisha nyanyua mkono. Msimamizi atanuna mara moja. Akinuna mara ya pili kwa sababu iliyo ya kweli, andika tarehe na saa kwenye daftari lako.

Sasa hatari halisi. Trei ikikwama chini ya kichwa cha joto, mkono wako utataka kuivuta wenyewe, kwa sababu unaiona, iko karibu, na nyuma yake nyingine zinarundikana. Usiingize mkono. Kitufe chekundu husimamisha mwendo, lakini hakiondoi nguvu zote zilizobaki ndani. Hewa iliyoshindiliwa inaweza kubaki kwenye bomba na kukisukuma kichwa chini pale unapoitoa ile trei iliyokuwa imekizuia, na joto halipoi kwa kubonyeza kitufe. Kabla ya mkono kuingia mahali pa hatari, utaratibu ni huu: simamisha, zima swichi kuu, funga valvu ya hewa na uitoe hewa yote iliyobaki, tia kufuli yako mwenyewe kwenye swichi, weka funguo mfukoni mwako, jaribu kuwasha uone kama imekufa kweli, ndipo ufungue kinga. Funguo haiazimwi. Watu wawili wakifanya kazi ndani, kufuli ni mbili. Kama hujafundishwa na kusainiwa, yaani kuthibitishwa kwa maandishi, kufanya hayo, kazi yako ni kusimamisha na kumwita fundi, basi.

Na kuna mtu atakuonyesha njia ya mkato: sumaku iliyogandishwa kwa gundi kwenye swichi ya mlango ili mashine idhani mlango umefungwa. Atakwambia anafanya hivyo miaka mingi. Ikatae. Kanuni za vifaa vya kazi za mwaka 1998 zinamtaka mwajiri aweke kinga hizo na kuzitunza, na sheria ya usalama kazini ya 1974 inakukataza hata wewe kuzichezea. Upande wa pili, sheria inakulinda: ukiamini kwa sababu za msingi kwamba kuna hatari kubwa ya papo hapo, una haki ya kuondoka pale bila kuadhibiwa. Tangu 31 Mei 2021 ulinzi huo unawafunika wafanyakazi wengi zaidi, hata wanaoletwa na wakala. Mwambie msimamizi, kisha mjulishe na wakala kwa ujumbe wa maandishi.

Hatua ya 8: Kubadilisha bidhaa na kukabidhi

Bidhaa ikibadilika, lebo zote za zamani hutolewa mahali pale, zikiwemo zilizoanguka chini ya mkanda. Piga magoti utazame. Mashine huoshwa, kisha hupimwa kwa vijiti vya kufutia kama mabaki ya kizio yamekwisha, na hairuhusiwi kuanza mpaka majibu yaandikwe.

Anayekupokea hajui ulichokiona. Mwandikie: ilisimama mara ngapi, kwa nini, fundi amefanya nini, nini bado. Sentensi fupi zatosha.

Hatua ya 9: Soma hati ya mshahara kila wiki

Kima cha chini kwa mwenye miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kuanzia Aprili 2025, nacho hubadilika kila Aprili. Tukikitumia kwa saa 40, unapata pauni 488.40 kwa wiki. Kodi itakata kama 49, Bima ya Taifa kama 20, na ukiwa umeingizwa kwenye pensheni, karibu 18 zaidi. Mkononi hubaki kama pauni 400. Ukipata pungufu sana, tazama namba ya kodi kwenye hati. Ya kawaida ni 1257L. Ukiona BR, mshahara wako wote unakatwa asilimia 20 bila ule msamaha wa pauni 12,570 za mwanzo kwa mwaka. Mara nyingi ni kwa sababu hukujaza fomu ya mfanyakazi mpya. Ijaze, uwapigie watu wa kodi, na kilichozidi hurudishwa.

Hesabu saa zako kwenye daftari na uzilinganishe. Zamu ikizidi saa sita una haki ya mapumziko ya dakika 20 yasiyokatizwa, na saa 11 za kupumzika kati ya siku na siku. Likizo yenye malipo ni wiki 5.6 kwa mwaka hata kwa wa wakala. Wengine hulipwa pesa hiyo kidogo kidogo ndani ya kila mshahara. Ikiwa ni hivyo lazima ionekane kwa mstari wake. Usiposoma utakuja kuomba likizo Desemba uambiwe ulishaila.

Hatua ya 10: Baada ya wiki ya 12

Ukimaliza wiki 12 kwenye kazi ile ile mahali pale pale, sheria inataka ulipwe sawa na aliyeajiriwa moja kwa moja kwa kazi hiyo hiyo. Weka tarehe kwenye simu. Siku hiyo muulize wakala kiwango chako kipya, na umuulize msimamizi kama kuna nafasi ya kudumu. Beba orodha ya mashine ulizosainiwa, kwa sababu anayeweza laini mbili hupangiwa zamu hata wiki ambazo kazi ni chache. Kama Kiingereza bado kinakukwamisha, zamu ya 06:00 hadi 14:00 hukuachia jioni ya kusoma. Mimi niliomba zamu hiyo kwa ajili ya darasa tu, nikaipata baada ya kuomba mara mbili.

Zamu hiyo ikiangukia Jumanne, toka haraka upite Market Place kabla wenye meza hawajafungasha. Nenda na mfuko wako na pesa za chenji.